Dawa kuundwa kwa tarakilishi: Mwanafunzi aanzie wapi?

VIJANA wengi waliosomea biolojia au kemia wana hamu ya kujifunza bayoinfomatiki, yaani elimu ya kuchanganua habari za viumbe kwa tarakilishi, ili washiriki katika utafutaji wa dawa mpya. Lakini wengi huanza kwa kukusanya programu chungu nzima, na punde si punde hukata tamaa.

Njia iliyo bora ni kuanza na ugonjwa mmoja, protini moja na swali moja ambalo jawabu lake tayari linajulikana. Malaria yatupa mfano mwema.

Mwaka wa 1998, Kenya iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa sugu. Mahali pake pakachukuliwa na mseto wa salfadoksini na pirimethamini, ambao wengi waliujua kwa jina la Fansidar. Kufikia mwaka wa 2004 sera ililazimika kubadilishwa tena, zikaja dawa za mseto zenye atemisinini. Je, ni kwa nini pirimethamini ilishindwa?

Dawa hiyo huziba tundu lililo katika kimeng'enya kiitwacho DHFR, ambacho kimelea hukihitaji ili kuunda DNA yake. Jenomu ya kimelea hicho, Plasmodium falciparum, ilichapishwa mwaka wa 2002, na umbo la kimeng'enya likatolewa na watafiti wa Thailand mwaka uliofuata. Yote hayo hupatikana kwenye intaneti bila malipo. Maumbo ya protini yamo katika Protein Data Bank, hazina iliyoanzishwa mwaka wa 1971.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha protini ya kimelea kinachouawa na dawa na ile ya kimelea sugu. Mwanafunzi ataona kwamba katika nafasi ya 108, asidi amino iitwayo serini imegeuka kuwa asparajini.

Hatua ya pili ni kulitazama umbo lenyewe. Asparajini ni kubwa kuliko serini, nayo hugongana na atomu ya klorini iliyo kwenye pirimethamini. Kwa hivyo dawa haikai tena vyema katika tundu lake.

Hatua ya tatu ni kuipachika dawa ndani ya protini kwa programu kama AutoDock Vina, ambayo pia ni ya bure. Ondoa molekuli iliyokuwa imeshikana na kimeng'enya, kisha uiachie programu iirudishe. Ikiirudisha mahali pake kwa tofauti isiyozidi nanomita 0.2, matayarisho yako yanaweza kuaminika. La sivyo, usithubutu kujaribu molekuli mpya.

Watafiti wa Thailand walitumia maarifa ya namna hii kubuni molekuli iitwayo P218, waliyoieleza mwaka wa 2012. Inanyumbulika, hivyo hulikwepa gongano hilo. Baadaye ilianza kujaribiwa kwa binadamu.

Hata hivyo, alama zinazotolewa na programu ni makadirio tu. Binadamu naye ana DHFR yake; molekuli inayoziba vyote viwili yaweza kumdhuru mgonjwa. Ndiyo maana mwanafunzi hana budi kuipachika katika kimeng'enya cha binadamu pia, na maabara ndiyo itakayoamua kama kweli inaua kimelea, inafyonzwa mwilini na ni salama.

Tahadhari hiyo yahusu pia maumbo yanayobashiriwa na AlphaFold, kazi iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2024. Ubashiri si kipimo.

Kwa mazoezi haya, tarakilishi ya kawaida yatosha, pamoja na ujuzi kidogo wa lugha ya Python na daftari la kuandikia kila hatua. Atakayeweza kueleza kwa nini dawa ya jana ilishindwa ndiye atakayekuwa tayari kuitafuta ya kesho.