Bunduki ya Kwanza, Lakini Ufunguo Ni wa Mzazi

Krismasi ukiwa na miaka 12 ulipata nini? Viatu na shati la kukaa nazo hadi Pasaka, nadhani. Sasa kuna majimbo ya Marekani ambako mtoto wa umri huo hupewa bunduki ya kuwinda, na nyumba nzima inapiga makofi.

Najua unachowaza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, kwa hivyo sisi tukisikia bunduki tunaona polisi ama majambazi. Lakini ngoja kidogo. Wale wanaofanya hii kitu vizuri huanza kazi mapema, kabla hata hawajafika dukani.

Chukua Minnesota, kwenye Wakenya wengi tu. Mtoto anaweza kuanza kozi ya usalama wa silaha akiwa na miaka 11. Anasoma, kisha anapelekwa uwanjani, anapimwa kwa vitendo. Anafunzwa kwamba kila bunduki ina risasi, hata kama umeitoa mwenyewe sasa hivi. Mtutu hauelekezwi kwa mtu, hata kwa mzaha. Kidole kinakaa mbali na kifyatulio hadi uwe tayari kupiga.

Halafu kuna hili ambalo sisi wa muvi hatulijui: angalia kilicho nyuma ya mnyama. Hata risasi ndogo kama ile ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Ukimkosa kindi, imeenda wapi? Kwa nyumba ya nani?

Ndiyo maana wazazi wengi huchagua bunduki ya kwanza inayobeba risasi moja tu. Ukipiga, lazima usimame, uweke nyingine. Hapo katikati mtoto anapata muda wa kufikiri.

Na tusidanganyane, bunduki si ya mtoto. Dukani haruhusiwi kuuziwa kabla ya miaka 18, mzazi ndiye hununua. Nyumbani inafungiwa kwenye kabati la chuma, risasi zinawekwa kando na kufungiwa pia, ufunguo anao mzazi. Mtoto akianza kuwa na hasira ama kujifungia chumbani siku nzima, hakuna kuwinda. Hapo ndipo wengine huanguka.

Oxford, Michigan, Novemba 2021, baba alimnunulia kijana wake wa miaka 15 bastola. Siku 4 baadaye kijana aliua wanafunzi 4 shuleni. Asubuhi hiyo hiyo wazazi walikuwa wameitwa shuleni kwa sababu alichora bunduki. Hawakumpeleka nyumbani. Mwaka wa 2024 baba na mama wakafungwa, kila mmoja miaka 10 hadi 15. Bastola si ya kuwinda, sawa, lakini kosa la kabati ni lile lile.

Kwa hivyo kama binamu yako wa huko atakutumia picha ya mwanawe na bunduki mpya, mpongeze. Kisha muulize ufunguo unakaa wapi. Akijibu "hata mtoto anajua," mpigie simu.