Sarafu ya Tembo Iliyotengenezwa Tabora

Mtu atokaye Ntimaru akielekea kusini haendi mbali kabla ya kuufikia mpaka wa Tanzania. Kabla ya vita vya 1914 huo ulikuwa mpaka wa Mwingereza na Mdachi, na Wakuria walikaa pande zote mbili kama wakaavyo hata leo. Fedha za pande zote mbili ziliitwa rupia. Miongoni mwa zile za Wadachi imo moja itafutwayo na wakusanyaji wa sarafu ulimwenguni kote: rupia 15 za dhahabu za mwaka 1916.

Asili yake ni dhiki. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, na sarafu hazikuweza kuja tena kutoka Ujerumani. Basi Wadachi wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, wakaigonga sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora. Upande mmoja una tai wa Ujerumani. Upande wa pili yupo tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake; na kwa kazi ya karakana ya reli, tembo huyo ni mzuri wa kustaajabisha. Herufi T ni alama ya Tabora. Zilitengenezwa 16,198 tu, kisha tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakautwaa mji.

Mkusanyaji hodari hutazama hata pambo la upande wa kulia: ncha yake yaweza kuishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A inayoifuata. Hizo kwake ni sarafu mbili mbalimbali.

Uzito wake wazidi kidogo gramu 7, na robo tatu yake ndiyo dhahabu. Hapa ndipo penye hatari. Migori na Mara ni nchi za wachimba dhahabu, na mizani ya mnunuzi haimjui tembo. Aliyerithi sarafu hii akiipeleka iyeyushwe hulipwa dhahabu ya gramu 5 na kitu, hali mkusanyaji angempa zaidi sana. Hata kuisugua ing'are huipunguzia thamani.

Za bandia zipo nyingi, hivyo yafaa ipimwe na kukaguliwa na mjuzi. Tena si kila sarafu ya manjano ya Tabora ni dhahabu: heller 5 na 20 za mwaka uleule ni za shaba ya manjano, nazo zina taji badala ya tembo.