Mimba si ugonjwa, lakini ni kazi



Sheria mpya ya kazi ya Msumbiji, Namba 13 ya mwaka 2023, ilitolewa tarehe 25 Agosti 2023 na kuanza kutumika Februari 2024. Kwa sheria hiyo mama aliyejifungua anapata likizo ya siku 90 mfululizo, na baba anapata siku 7. Katika sheria ya 2007 mama alipewa siku 60, na baba siku 1 tu. Hayo ni maendeleo, na sisi wa chama tunayapokea kwa furaha. Lakini sheria ikiwa kabatini haimsaidii mtu. Nitaeleza mambo ya wiki moja ya mwezi Juni 2024 hapa Palma, nyumbani kwangu na kazini, ili kila mmoja aone mahali sheria inapokutana na maisha.

Jumatatu nilimpeleka mke wangu kliniki. Mimba ilikuwa ya miezi minane na nusu, na ni ya tano. Miguu ilikuwa imevimba na kichwa kilimuuma tangu Jumamosi. Muuguzi akampima, akakuta presha imepanda. Akatueleza bila kuficha: presha ya mimba ikiachwa huleta kifafa cha mimba, na kifafa hicho huua mama na mtoto. Akampa dawa, akamwambia apumzike na arudi baada ya siku mbili. Akasema pia kwamba macho yakianza kuona giza, au kichwa kikizidi, tusingoje asubuhi.

Kupumzika ni neno jepesi kulitamka. Katika nyumba zetu nani huteka maji? Nani hutwanga, nani hutafuta kuni, nani humwogesha mtoto mdogo? Jioni ile niliwaita watoto wote. Binti yangu mkubwa alikwisha kuweka daftari pembeni, tayari kuacha shule ili ashike kazi za mama yake. Nikasema hapana. Wavulana wawili watateka maji alfajiri kabla ya shule, mimi nitapika uji, na binti ataendelea na masomo. Wavulana walinuna, maana wenzao wangewacheka kisimani. Walichekwa kweli, lakini mitungi ilijaa.

Jumanne lilikuja jambo la chama. Mama mmoja, mfagiaji katika kambi ya mkandarasi, alikuja na mimba ya miezi saba. Alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Alikwisha kuanguka mara moja kwenye ngazi. Alikosa kazi siku mbili, na siku hizo zikakatwa mshahara. Tulipomwuliza kwa nini hakukataa, akatoa nakala ya karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ya Kireno, na chini yake alama ya kidole chake. Karatasi ilisema kwamba yeye mwenyewe ameomba kufanya kazi usiku.

Wenzangu, hapo ndipo penye ujanja. Sheria inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya usiku au ya saa za ziada kuanzia mwezi wa tatu wa mimba, isipokuwa mama mwenyewe akiomba. Basi msimamizi akatengeneza ombi. Mama yule anasema Kimwani na Kiswahili, Kireno hajui kusoma. Aliambiwa ni karatasi ya kupokea viatu.

Jumatano asubuhi mke wangu alirudi kliniki, presha imeshuka kidogo. Mchana tukaingia mkutanoni, watu watatu wa kamati na mama mwenyewe. Msimamizi akaanza kwa kucheka: "Mimba si ugonjwa." Mimi nilisoma hadi darasa la saba, na Kireno cha sheria nakisoma polepole, kidole juu ya mstari. Nikamsomea hivyo hivyo. Kisha mwenzetu mmoja akamwomba mama aisome ile barua yake mbele ya wote. Mama akasema, "Mimi sijui hata karatasi hii inaanzia juu au chini." Kicheko kikaisha. Jioni ilikubaliwa ahamie kufua nguo mchana, kwa mshahara ule ule. Zile siku mbili zilizokatwa walizikatalia. Tukaandika malalamiko kwa Ukaguzi wa Kazi, na nakala tukabaki nayo.

Alhamisi mama mkwe alifika kutoka Quionga, juu ya gari la mizigo, na kuku wawili na kikapu cha mihogo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Baba, gari la usiku umeliweka wapi?" Swali hilo lina historia. Tarehe 24 Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu walikimbilia Quitunda na Afungi, wengine Quionga, Nangade na mpaka mto Rovuma. Mtoto wetu wa nne alizaliwa njiani, porini, juu ya kitenge, na huyu bibi ndiye aliyempokea. Hakutaka jambo lile lirudi. Siku ile ile nikaenda kwa jirani mchuuzi wa samaki mwenye gari dogo. Tukapatana bei ya mafuta, naye akaahidi kulala na ufunguo chini ya mto.

Ijumaa baada ya sala kulikuwa kimya. Saa nane za usiku mke wangu akasema haoni taa vizuri. Hatukungoja. Jirani aliamka kwa mwito mmoja, gari likinuka samaki, na kabla ya saa tisa tulikuwa hospitalini. Presha ilikuwa juu sana. Wakamchoma sindano za kuzuia kifafa, na mkunga hakuondoka kitandani. Mimi na mama mkwe tulikaa nje kwenye saruji, hatukusemezana.

Jumamosi jua likichomoza alizaliwa mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, analia kwa nguvu. Mama yake alibaki chini ya uangalizi hadi presha ilipotulia.

Jumapili niliandika barua ya likizo yangu ya siku 7. Mzee mmoja akaniuliza, mwanamume atafanya nini nyumbani siku saba? Nikamjibu: atateka maji, atapika, atampeleka mama kupimwa presha, maana hatari yake haiishi siku ya kujifungua.

Sasa, ndugu, yashikeni haya. Mjamzito anaweza kuanza likizo siku 20 kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua. Akirudi kazini ana haki ya kunyonyesha, nusu saa mara mbili kwa siku, hadi mtoto atimize mwaka, bila kukatwa mshahara. Mama akifariki au akishindwa kumlea mtoto kwa ugonjwa, na hospitali ikithibitisha, baba anapata siku 60. Malipo ya uzazi hutoka INSS, ambako mfanyakazi huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 4. Kwa hiyo hakikisha jina lako limeandikishwa na michango inafika, usingoje tumbo likue.

Na la mwisho: usitie kidole kwenye karatasi usiyoielewa. Mwite mjumbe wa kamati akusomee. Akisoma polepole, mvumilie, na msimamizi naye angoje.