Bomba la mafuta kwenye mlima unaotembea

Kutoka Kigamboni hadi Ndola, Zambia, bomba la TAZAMA lina urefu wa kilomita 1,710. Lilianza kazi mwaka 1968, wakati Zambia ilipobanwa na utawala wa walowezi wa Rhodesia na kulazimika kutafuta njia ya mafuta kupitia Tanzania. Kwa miongo kadhaa lilibeba mafuta ghafi. Tangu 2023 linabeba dizeli. Msafiri wa Mbeya halioni. Anachokiona ni vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinavyouzwa kando ya barabara, mibuyu, kisha malori yanayopanda mlima Kitonga kwa gia ndogo. Bomba limelala ardhini likipita Morogoro, Iringa na Mbeya, na milima inayoipa shida barabara hailisazi na lenyewe.

Sisemi kwamba bomba hili linakaribia kukatika. Nasema linapita katika nchi ambayo udongo wake huhama. Aprili 14, 2024, baada ya mvua nyingi, mlima Kawetere jijini Mbeya ulishusha tope lililofukia nyumba kadhaa na majengo ya shule katika Kata ya Itezi. Miezi minne kabla yake, tope la Mlima Hanang lilikuwa limeua zaidi ya watu 80 Katesh na vitongoji vyake. Hayo ni maporomoko ya kasi, yanayotangazwa redioni. Mhandisi wa bomba huyaogopa, lakini kinachomnyima usingizi zaidi ni mteremko unaosogea sentimita chache kwa mwaka bila mtu kugutuka.

Hesabu yake si ngumu. Chuma cha bomba kikivutwa hurefuka kidogo, na kikiachiwa hurudi kama kilivyokuwa, mradi mvuto usizidi takriban sehemu 2 kwa 1,000. Kwa hiyo kipande cha mita 100 kinaweza kurefuka karibu sentimita 20 na bado kikapona. Sasa chukua sentimita 20 zilezile, uzibane ndani ya mita 5 tu. Hapo mvuto umekuwa sehemu 40 kwa 1,000, mara ishirini ya kiwango kile. Chuma chenyewe huenda kikavumilia kwa kuharibika umbo. Maungio yaliyochomelewa miaka ya 1960, kwa ustadi na vipimo vya wakati ule, ni suala jingine. Ndiyo maana haitoshi kuuliza ardhi imesogea kiasi gani; lazima ujue msogeo huo umegawanywa katika urefu gani wa bomba, na bomba lilikuwa limeshabeba mzigo gani kutokana na presha ya mafuta ndani yake.

Mwelekeo nao una maana. Bomba likishuka sambamba na mteremko, udongo unaotelemka hulivuta upande wa juu na kulisukuma upande wa chini. Juu huweza kuchanika, chini likaingia mikunjo. Likikatiza mteremko, hupinda kama upinde, na mahali pa hatari zaidi ni ukingoni mwa poromoko, pale udongo unaotembea unapokutana na uliosimama. Mwaka 2020, karibu na mji mdogo wa Satartia, jimbo la Mississippi nchini Marekani, mvua kubwa ilisogeza kilima na bomba la hewa ukaa likaachia kwenye ungio. Watu wapatao 200 walihamishwa na 45 walikwenda hospitali, wengine wakiwa wamezimia ndani ya magari yao.

Mchokozi karibu kila mara ni maji. Yakijaa katika matundu ya udongo huzisukuma chembe zake ziachane, na msuguano uliokuwa ukishikilia mteremko unapungua. Wataalamu hugawanya nguvu inayoshikilia kwa nguvu inayovuta. Jibu likiwa 1, mlima uko ukingoni, na wengi hawaridhiki hadi wafike 1.3 au 1.5. Jibu hilo hubadilika na msimu. Mteremko uliopimwa Septemba, vumbi likitimka, unaweza kupata alama nzuri ambazo hautakuwa nazo Machi. Mfereji wa umwagiliaji unaovuja juu ya mkuza wa bomba nao unaweza kuzishusha kiangazi kizima, mvua isiponyesha hata tone.

Tathmini huanza kwa miguu. Unatafuta nyufa zilizojipinda kama mwezi mchanga, nguzo zilizoinama, miti iliyopinda shinani kisha ikanyooka, chemchemi mahali ambapo haikuwapo. Baadaye vinakuja vyombo: kipimo cha mwinamo kinachoshushwa kwenye kisima chembamba, vihisio vya mvuto vinavyobandikwa kwenye bomba, na rada ya setilaiti inayoweza kugundua msogeo wa milimita kwa kulinganisha picha za siku tofauti, ingawa msitu mnene kama wa Udzungwa huisumbua. Kuna pia kifaa kinachosafiri ndani ya bomba pamoja na mafuta kikiandika kila kona. Safari moja haisemi mengi. Ya pili, baada ya mwaka au miaka miwili, ndiyo inayoonyesha kona ipi imezaliwa katikati.

Mimi ningeongeza daftari. Mkulima anayelima kando ya mkuza anajua ni mwaka gani shamba lake lilipasuka na ufa ulijaa lini. Taarifa hiyo haina gharama, na sioni sababu ya kuipa hadhi ndogo kuliko picha ya setilaiti.

Tiba si lazima iwe kuhamisha bomba. Mara nyingi huanza na kutoa maji mlimani kwa mitaro. Wakati mwingine bomba hufukuliwa ili lijinyooshe na kupumua, kisha hurudishiwa mchanga tifutifu ambao haulikamati sana udongo unapohama.

Bomba likipasuka, suala la afya linaingia. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, ila ikitoka kwa presha kama ukungu huwaka vizuri sana. Tena mafuta yaliyomwagika huvuta watu: zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, wengi wakiwa wamekwenda kuyachota. Mvuke wa dizeli huleta kichwa kuuma na kizunguzungu. Ngozi inayoguswa nayo mara kwa mara hukauka na kupasuka. Mtoto aliyemeza dizeli asitapishwe, kwa sababu hatari kubwa ni mafuta kuingia mapafuni, apelekwe hospitali. Maji yenye harufu ya dizeli hayasafishwi kwa kuchemshwa. Na mto Ruaha Mkuu hauishii Ruaha Mbuyuni: maji yake hushuka Kidatu, yakaingia Rufiji.

Kiasi kinachoweza kumwagika kinaweza kukadiriwa kabla ya ajali. TAZAMA lina sehemu za inchi 8 na za inchi 12. Kilomita moja ya inchi 8 hubeba takriban lita 30,000, na ya inchi 12 takriban 70,000. Kuzima pampu hakutoshi mlimani, kwa kuwa mafuta yaliyo juu ya mpasuko yataendelea kushuka kwa uzito wake hadi vali ifungwe. Kwa hiyo tathmini kamili ya mteremko huuliza pia mambo yasiyo ya jiolojia: vali ya karibu iko umbali gani, nani ana ufunguo wake, na je, njia ya kuifikia inapitika mwezi wa Machi?