Seli Trilioni Mbili: Rekodi za Kuusoma Mwinuko wa Dunia

Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliondoka Florida kikiwa kimebeba mlingoti uliokunjwa ndani ya kasha. Kilipofika juu, mlingoti ulinyooshwa hadi ukafika mita 60. Hadi siku hiyo hakuna kitu kigumu kirefu kiasi hicho kilichokuwa kimewahi kurushwa angani. Kwenye ncha yake palikuwa na antena ya rada, na antena nyingine ilikuwa ndani ya chombo chenyewe. Mwangwi uleule uliopokewa kutoka sehemu mbili ndio uliotoa mwinuko wa ardhi. Katika safari ya siku 11 ilipimwa milima na mabonde ya takriban asilimia 80 ya nchi kavu, kuanzia nyuzi 60 kaskazini hadi nyuzi 56 kusini, na kanda zilizorudi zilikuwa na terabaiti 12 za data. Kazi hiyo iliitwa SRTM. Zimekuja data kubwa zaidi na safi zaidi, lakini kwangu mimi hakuna kazi iliyowahi kuipima sehemu kubwa hivyo ya dunia kwa muda mfupi hivyo.

Subira ndefu ilikuwa yetu. Kwa miaka mingi Marekani peke yake ilikuwa na toleo la wazi lenye seli za mita 30. Sisi wengine tulipewa la mita 90, ambamo kilima kidogo humezwa kabisa. Toleo la mita 30 lilianza kufunguliwa mwaka 2014, na Afrika ikawa ya kwanza kupewa.

Ukilipakua faili moja, halitishi. Linabeba nyuzi 1 kwa 1, lina safu 3,601 na safuwima 3,601, na kila seli inachukua baiti 2. Jumla ni baiti 25,934,402, mzigo ambao hata simu ya bei nafuu inauhimili. Shida huanza pale unapotaka nchi nzima. Tanzania inaingia katika mraba wa nyuzi 12 kwa 12, kutoka 29 hadi 41 mashariki na kutoka ikweta hadi 12 kusini. Hayo ni mafaili 144, karibu seli bilioni 1.87. Zikiwa namba kamili za baiti 2, zinafika gigabaiti 3.7. Ukikokotoa mteremko, majibu yanakuja na desimali, kila seli inataka baiti 4, na faili linapanda hadi gigabaiti 7.5. Hapo ndipo kazi ya usiku kucha hukatika. Muundo wa zamani wa faili, TIFF, unahesabu nafasi zake kwa biti 32, nao hauwezi kuvuka gigabaiti 4. Dawa yake, BigTIFF yenye biti 64, ni neno moja tu la kuongeza kwenye amri, lakini lazima umjue wa kukuambia.

Rekodi ya faili dogo linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote naipa VRT, ya maktaba ya programu ya GDAL aliyoianzisha Frank Warmerdam mwaka 1998. VRT ni maandishi matupu: inaorodhesha mafaili yako, inasema kila moja linakaa wapi, basi. Kilobaiti kadhaa zinaifanya programu ya ramani ya QGIS ione vipande 144 kama ramani moja, bila kunakili hata seli moja. Programu inasoma sehemu inayotazamwa tu. Anayeanza kazi hii kwa kuunganisha vipande vyote kuwa faili moja anaitesa diski yake bure.

Hata hivyo, kuonyesha na kukokotoa mteremko ni kazi nyepesi. Seli moja inahitaji kuwajua majirani zake wanane, na ukiigawa nchi vipande vipande hakuna kinachoharibika. Kazi inayovunja kompyuta ni kufuata maji. Mvua inayonyesha magharibi ya Tabora huingia mto Ugalla, Ugalla huingia Malagarasi, Malagarasi humwaga maji yake Ziwa Tanganyika, maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga, Lukuga huungana na Lualaba, na hayo yote huishia Atlantiki kwa jina la Kongo. Mtu anayetaka kujua ni eneo gani linalisha mto pale Kinshasa hawezi kuiacha Tabora nje ya hesabu. Maji hayajui mpaka wa faili.

Juu ya hilo, data ina mashimo. Mengine ni makosa ya rada, mengine ni ya kweli: Ngorongoro ni bonde lililofungwa pande zote, na programu isiyo na busara italijaza hadi ukingoni ili maji "yatoke". Ndiyo maana naiheshimu GRASS, programu huria ya ramani yenye umri mrefu kuliko zote zinazotumika sana leo. Ilianza mwaka 1982 katika maabara ya utafiti wa ujenzi ya jeshi la Marekani huko Illinois, ikaingia kwenye leseni ya GPL mwaka 1999, na bado inaendelezwa kila mwaka. Amri yake ya r.watershed, iliyotungwa na Charles Ehlschlaeger, haijazi mashimo. Inatafuta njia rahisi zaidi ya maji kupita, kutokea ukingoni kuelekea ndani. Katika hali ya haraka inaomba hadi megabaiti 31 za RAM kwa kila seli milioni moja. Kwa mraba wetu wa Tanzania hiyo ni gigabaiti 58, ambazo kompyuta mpakato za wengi hazina. Ndipo inapofaa ile hali ya pili, inayoweka kazi kwenye diski na kuleta kwenye kumbukumbu kipande kinachohitajika tu. Inachukua muda mrefu, lakini inafika.

Watu wa Chuo Kikuu cha Duke, wakiwemo Lars Arge na Laura Toma, waliichukua diski kama uwanja wa kazi tangu mwanzo. TerraFlow yao, ambayo ndani ya GRASS inaitwa r.terraflow, inazipanga seli kwa foleni ili diski isomwe mfululizo badala ya kurukaruka. Gharama yake ni nafasi: hadi baiti 80 za muda kwa kila seli, yaani karibu gigabaiti 150 kwa Tanzania. Nafasi ya diski ni rahisi kuliko RAM, na kwa ofisi ya bonde la mto wilayani hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi kufanyika na kutofanyika.

Na sasa rekodi yenyewe. Mwaka 2016 mtafiti Richard Barnes alichapisha njia ya kujaza mashimo katika seli trilioni mbili. Kwa viini 48 vya kompyuta kazi ilichukua saa 4.8. Kwa maelezo yake, jaribio hilo lilikuwa kubwa mara elfu kuliko lolote lililoandikwa kabla yake. Siri yake naiona kama baraza la vijiji: kila kipande cha ramani kinamaliza mambo yake ya ndani chenyewe, kisha kinampeleka mjumbe mmoja mwenye habari za mpakani tu, yaani maji yanavuka wapi na kwa kimo gani. Mratibu anaunganisha habari hizo chache, anatoa uamuzi, na kila kipande kinarudi kujirekebisha. Hakuna wakati ambapo mtu yeyote anahitaji kuishika dunia nzima kwenye kumbukumbu. Njia hiyohiyo inafanya kazi kwenye kompyuta moja ya mezani, kwa saa nyingi zaidi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niiweke juu ya rekodi zote.

Kwa wingi wa data ya eneo moja, Antaktika inatisha. Ramani ya REMA, iliyotolewa mwaka 2018 na vyuo vikuu vya Minnesota na Ohio State, ilikokotolewa kutoka picha 187,585 za setilaiti kwa msaada wa kompyuta kuu ya Blue Waters, na mafaili yake yanazidi terabaiti 150. Bara lisilo na wakazi wa kudumu limepata ramani ya mwinuko ambayo Afrika haina.

Bahari bado inadai. Gridi ya GEBCO, yenye kina cha bahari za dunia nzima, ina seli 3,732,480,000, na inavuka 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote kwa hesabu za kawaida za biti 32. Programu ya zamani ikifika hapo, idadi ya seli hugeuka kuwa hasi. Lakini nyingi ya seli hizo ni makisio. Sehemu ya sakafu ya bahari iliyopimwa kwa vyombo ilikuwa asilimia 6 mradi wa Seabed 2030 ulipoanza mwaka 2017, na kufikia 2025 ilikuwa imezidi robo kidogo. Kinyume chake, sayari ya Mars, ambako mlima Olympus Mons unafika kilomita 21 hivi, ilishapimwa kwa leza karibu yote kufikia 2001.

Kwetu fahari ni Zanzibar. Kuanzia 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni ndogo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa walioziendesha. Kwa picha za aina hiyo kilomita moja ya mraba inaweza kugawanywa katika seli milioni 100 za sentimita 10. Data ya mita 30 inaipa seli 1,100 hivi. Dar es Salaam, kwa mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi walipita mitaani wakiandika mifereji na mahali mafuriko yanapofika, na mwaka 2018 jiji hilo likapokea mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G.

Ardhi ngumu kuliko zote kuichakata ni ile tambarare. Delta ya Rufiji inashuka polepole mno, na SRTM inaandika mwinuko kwa mita kamili. Tena rada yake husoma vilele vya mikoko mahali ambapo tulitaka udongo. Uholanzi, nchi tambarare kama delta, ilijipima kwa leza kutoka angani na data yake ya AHN2 ikafika nukta bilioni 640. Tanzania ikipimwa kwa wingi huohuo zitapatikana nukta zaidi ya trilioni 14. Programu za kuukabili mzigo huo tayari ziko bure mtandaoni, na kinachokosekana kwa Rufiji ni ndege yenye leza na bajeti ya kuirusha.