Mzee Akisema 'Mzima', Mwulize Tena

Sisi watu wa pwani tumefundishwa tangu utotoni kwamba mtu akiulizwa hali hujibu, "Njema, alhamdulillahi," hata kama hakulala usiku kucha kwa maumivu ya mgongo. Hiyo ni adabu, tena ni shukrani kwa Mola. Lakini adabu hiyo humtatiza tabibu, kwani wako wazee ambao jawabu hilo ndilo kweli yenyewe, na wako ambao ni pazia tu.

Jambo hili nililiwaza sana nilipofika Dadaab, huko Garissa. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, baada ya dola ya Somalia kuanguka, na mwaka uliofuata zikaja za Dagahaley na Hagadera. Zilikusudiwa watu 90,000. Ukame wa 2011 ulipopiga, walikuwa wamekaribia nusu milioni. Wako walioingia pale na nguvu zao, na leo ni wazee wa mvi.

Niliketi na wazee wawili majirani, mjukuu wa mmoja akitufasiria. Umri wao ni mmoja, mgawo wao wa chakula ni mmoja, na wote wawili magoti yanawauma. Wa kwanza alikuwa mfugaji. Ngamia wake waliteketea, na wanawe wamehamia ng'ambo. Nilipomwuliza afya alisema, "Mimi nimekwisha." Wa pili hufundisha watoto Kurani, na watu wakigombana huitwa kwenye maslaha. Yeye alisema ni mzima. Nilipomwuliza mara ya pili alicheka, akasema magoti ni haki ya uzee.

Wengine watasema hiyo ni tabia tu. Ni kweli kwamba viumbe hatulingani: mwenye wasiwasi husikia kila kichomi kama mauti, na mwenye moyo mkunjufu hupuuza hata maradhi ya hatari. Lakini tabia haitoshi kueleza yote. Mzee wa Kisomali wa mbugani heshima yake ni mifugo na neno lake barazani. Kambini kadi ya mgawo huhesabu vinywa, haihesabu hekima, na kutoka nje kumetakiwa ruhusa miaka mingi. Mgawo wenyewe umepunguzwa mara kadhaa, na nafaka ngumu ni mtihani kwa asiye na meno. Upimaji wa lishe, nao, aghalabu huwaangalia watoto wa chini ya miaka 5; ndiyo maana shirika la HelpAge lilipowapima wazee wa Dadaab mwaka 2011, lilifanya jambo ambalo si la kawaida.

Je, neno la mzee juu ya afya yake lina uzito wowote? Wataalamu wawili, Jana Mossey na Evelyn Shapiro, walilitazama jambo hili huko Manitoba, Kanada. Wazee zaidi ya 3,000 walikuwa wameulizwa mwaka 1971 wanaionaje afya yao. Matokeo yalitolewa mwaka 1982: waliosema ni mbaya walikabiliwa na hatari ya kufariki karibu mara tatu kuliko waliosema ni nzuri sana, hata baada ya maradhi yaliyojulikana kutiwa hesabuni. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walikusanya tafiti 27 za namna hiyo, na nyingi ziliafikiana.

Basi mzee akisema "nimekwisha," yasidhaniwe kuwa ni manung'uniko ya uzee. Hiyo ni khabari, na yapasa isikilizwe kama homa inavyosikilizwa. Yule mkunjufu naye apimwe, asije akafa huku anacheka. Na katika dawa za mzee yasisahauliwe yale yasiyouzwa dukani: kazi inayolingana na nguvu zake, wajukuu wa kufundisha, na watu wanaomtaka shauri.

Wala tusidhani haya ni ya Dadaab peke yake. Mombasa, Lamu na Tanga wako wazee waliozungukwa na jamaa, lakini hakuna awaulizaye neno ila kama wamekula. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Neno hilo litatoka wapi, ikiwa mzee ameketi kibarazani tangu alfajiri hata magharibi na hajaombwa shauri lolote?