MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: GARI KUUKUU LITENGENEZWE AU LIBADILISHWE?

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye magari ya umri mkubwa wanakumbushwa kuwa uamuzi wa kulitengeneza gari au kulibadilisha haufai kufanywa kwa haraka siku lilipokwama njiani, wala kwa kutazama injini peke yake. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, jambo la kuchunguzwa mwanzo ni chasisi.

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Upepo wa bahari huifikisha chumvi hadi uvunguni mwa gari, nayo huvuta unyevu hata siku isiyokuwa na mvua. Magari yanayolazwa karibu na pwani na yale yanayobeba samaki huathirika zaidi. Injini iliyochoka huweza kufumuliwa au kubadilishwa, lakini chasisi iliyoliwa ni vigumu kurudishiwa nguvu zake. Kiraka cha bati kilichochomelewa juu ya kutu huficha tundu tu.

Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari anashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

(a) Gari linyanyuliwe, na fundi aigonge chasisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hubonyea au humeguka. Mabomba ya breki nayo yatazamwe, kwani bomba lililoliwa na kutu huweza kupasuka breki inapokanyagwa kwa nguvu.

(b) Injini ipimwe mgandamizo wa kila silinda. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya oili kuungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya kuingia maji.

(c) Fundi atoe makisio ya kazi yote kwa maandishi, vipuri mbali na ufundi mbali.

(d) Makisio hayo yalinganishwe na nyongeza inayohitajika kununua gari jengine. Kwa mfano, matengenezo ni shilingi 2,000,000 na nyongeza ni shilingi 8,000,000. Ikiwa chasisi ni nzima na gari litatumika miaka miwili zaidi, matengenezo ni shilingi 1,000,000 kwa mwaka, na ni nafuu. Ikiwa chasisi imeliwa, fedha hizo huenda zisivuke masika moja.

Fedha zilizokwishatumika zamani zisiingizwe katika hesabu hii, kwani hazirudi kwa njia yoyote. Hata hivyo, gharama zote ziandikwe tangu sasa: mali bila daftari huisha bila habari.

Mtumishi anayekaribia kustaafu azingatie kuwa kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Bei ya gari linaloagizwa nje hufuatiwa na usafirishaji, ushuru, usajili na bima. Aidha, magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, na katika mikoa ya baridi ya nchi hiyo chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Gari linaloitwa jipya huweza kufika tayari lina kutu. Nalo likaguliwe uvunguni kabla ya kulipiwa.

Kwa gari la Serikali, uamuzi si wa dereva wala wa mkuu wa ofisi peke yake. Ukaguzi uandikwe, utaratibu wa kuondosha mali za umma ufuatwe, na gari lisinyofolewe vipuri wakati likisubiri.

Gari lililobainika chasisi au bomba la breki kuoza lisitembezwe, hata kwa safari fupi, mpaka hitilafu hiyo iondoshwe.